Mapipa Matatu ya Samadi

Bata ni kiumbe asiye na haya. Ng'ombe akinya unajua amekunya. Unakwenda na koleo, unabeba, umemaliza. Mbuzi anamwaga punje zake kavu, unazifagia kama maharage yaliyomwagika. Hata kuku ana mahali pake anapopapenda. Lakini bata anakunya huku anatembea, tone hapa, tone pale, majimaji, tena palepale unapotaka kukanyaga, na akishamaliza anatikisa kimkia chake kama mtu aliyekufanyia hisani.

Karani aliyajua haya yote siku ya kwanza, kabla hata chai yake haijapoa. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, ndoo mkono wa kushoto, mwiko wa fundi mwashi mkono wa kulia, akikwangua kitu cha kijani juu ya jiwe. Bata ishirini na saba walikuwa wameshatawanyika shamba zima. Akikwangua moja, nyuma yake wanaacha matatu. Ndoo aliyoanza nayo alfajiri ilikuwa na kiasi cha kujaza kikombe.

"Na hii nayo ni kazi?" alijisemea, halafu akanyamaza, maana ni maneno hayohayo yaliyomtia matatani.

Tuseme kweli, aliyatafuta mwenyewe. Mzee huyu alifanya kazi masjala miaka thelathini na minne, akitunza mafaili ya watu wengine katika chumba chenye dirisha lisilofunguka, ndiyo sababu majirani wanamwita Karani mpaka leo. Muda wote huo shamba lilikuwa la mkewe. Karani alilijua shamba jioni na Jumapili, kama mtu anavyomjua shangazi wa mbali. Alipostaafu aliweka kiti kimoja barazani, akakaa, akaona ni pazuri, akasema hapa ndipo nitakapofia. Na mkewe, ambaye kila mtu anamwita Mama Bata, aliendelea kupita mbele ya kile kiti na ndoo yake, asubuhi na jioni, miaka sita.

Ndipo asubuhi moja Mama Bata akaiweka ndoo chini na kusema, "Mzee, mgongo wangu umekwisha. Mtoto ameshasema chumba kipo. Twende tukakae kwake."

Karani hakushusha hata gazeti. "Umekwisha kwa kitu gani? Kuokota mavi ya bata nayo ni kazi?"

Mama Bata alikwenda bombani akanawa mikono. Alinawa muda mrefu, mtu angedhani anajiandaa kwa upasuaji. Aliporudi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mke wa mtoto wao amejifungua, na yeye anakwenda kumsaidia wiki sita. "Shamba hili bila samadi halitoi hata mchicha, unajua. Nikirudi nikute mapipa matatu yamejaa samadi kavu kabla ya mvua, tunabaki. Yasipojaa, tunahama. Na bata usiwafungie."

"Matatu tu?"

"Matatu tu."

Karani alicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walishasema, lakini nani anawasikiliza wahenga siku hizi. Siku ya safari mkewe alisimama mlangoni na begi lake akimweleza habari za kuanika kwanza ndipo kutia kwenye pipa. Karani alikuwa anatafuta miwani. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Usimwone Karani kuwa ni mtu wa kupenda ubishi tu. Alikuwa na hofu yake, na hofu yenyewe ilikuwa ya kweli. Aliwahi kukaa kwa mwanawe siku tisa. Mtoto yule ni mwema, hana baya. Akitaka kuinuka kuchukua maji: "Baba, kaa tu, nakuletea." Akiona bawaba ya mlango imelegea na mikono ikimwasha: "Acha, Baba, fundi atakuja." Dirisha la chumba lilitazama ukuta wa jirani, ukuta mtupu, hauna hata ufa wa kuuangalia. Siku ya tisa Karani alipiga hesabu akagundua kwamba tangu afike hajafungua mlango wowote kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa wa choo. Usiku ule hakulala. Aliona wazi jinsi mtu anavyoweza kuzikwa huku anapewa chai. Kwa hiyo mapipa matatu kwake hayakuwa mapipa. Yalikuwa ni kubaki mtu mwenye nyumba yake, au kuwa mgeni mpaka kufa.

Basi akaanza. Na alianza anavyojua yeye, kimasjala. Alichora ramani ya shamba, akaligawa kanda sita, akaandika ratiba: Kanda ya Kwanza saa kumi na mbili na nusu, Kanda ya Pili saa moja na robo, na kuendelea. Akapiga mistari kwa rula. Karatasi akaibandika kwenye mlango wa banda la bata, tena kwa pini nne ili isipeperuke.

Muuza maziwa, mjane anayepita kila asubuhi na madumu kwenye baiskeli, alisimama nje ya uzio akaisoma yote. Ni shoga wa Mama Bata wa miaka mingi, na ulimi wake hauna breki.

"Shemeji," akaita, "hili tangazo umewasomea wenyewe?"

"Ni la kwangu, si la bata."

"Maana namwona mmoja wa Kanda ya Pili yuko Kanda ya Tano, na amejisaidia bila ruhusa."

"Dada, leta maziwa uende."

"Naleta. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, shemeji. Hiyo haina ratiba." Akapanda baiskeli yake akaenda zake, anacheka peke yake barabarani.

Ya usiku haikuwa na shida sana. Bata wanalala bandani, asubuhi unakwangua unachokikuta sakafuni. Balaa ni ya mchana. Kulikuwa na ya chini ya uzio wa miiba, ambako bata wanapita na wewe hupiti. Kulikuwa na ya kando ya kidimbwi, iliyochanganyika na tope hata hujui unachota nini. Kulikuwa na ya njiani, ambayo jua likishaichoma inashika ardhi kama saruji. Na kulikuwa na bata dume mmoja mkubwa, mwenye uso mwekundu wa manundu kama mtu aliyekunywa pombe mbaya, ambaye kazi yake ilikuwa kumfuata Karani nyuma na kumdonoa kila akiinama. Karani alimpa cheo cha Mkaguzi. Mkaguzi hakukosa zamu hata siku moja.

Baada ya siku nane pipa la kwanza lilifika nusu, na Karani akalifunika vizuri na mfuniko, akaliegemea, akajisifu. Siku ya tisa pipa lilianza kunuka. Siku ya kumi lilinuka mpaka muuza maziwa akashuka kwenye baiskeli kabla hajafika getini. Alipolifunua, mlikuwa na funza wanacheza humo kama wako harusini.

"Umeanika?" aliuliza Mama Bata jioni ile kwenye simu. Alikuwa anapiga kila siku saa kumi na mbili.

"Kuanika nini?"

 Akasikika akimwambia mtu pembeni, pengine mkwe wake, "Nilijua." Akarudi kwenye simu na kumweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu anayeona jua kwa mara ya kwanza: samadi ya bata ni maji matupu, inaanikwa juu ya magunia siku nne, tano, inageuzwa, ikivunjika mkononi ndipo inatiwa kwenye pipa.

Karani alimwaga nusu pipa yote juu ya magunia. Akageuza, akafukuza nzi, akageuza tena. Ilipokauka aliirudisha kwenye pipa. Ilifunika kitako, basi. Siku nane za kuinama zilikuwa zimegeuka kuwa kitu ambacho kingeenea kwenye beseni la kufulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitazama lile pipa, akatukana tusi ambalo hakuwahi kulitumia tangu aache shule.

Wiki ya tatu maji yalishamfika shingoni, na ndipo akili ya masjala ikamshauri vibaya mara ya pili. Faili likitoka nje linapotea. Faili likifungiwa kabatini linaonekana. Kwa nini bata watembee? Akazungushia wavu mbele ya banda, akawafungia wote ishirini na saba, akawawekea maji na pumba, akarudi barazani kukaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na saba. Alikuwa anajiona mjanja sana.

Bata walipiga kelele. Kelele yenyewe si ya kueleza; ishirini na saba wote kwa pamoja, bila kupokezana. Saa kumi na mbili simu ikalia.

"Mapipa je?" aliuliza Mama Bata.

"Yanaendelea."

"Sogeza simu nje."

"Ya nini?"

"Sogeza simu nje, mzee."

Karani alinyoosha mkono dirishani, hana la kufanya. Aliporudisha simu sikioni, mkewe alisema, "Umewafungia. Hiyo ni sauti ya kufungiwa. Wafungulie kesho alfajiri, konokono hawatakuachia kitu."

Hakufungua alfajiri. Alijipa siku mbili zaidi, maana sakafu ya lile boma ilikuwa inajaa vizuri ajabu, na moyo wake ulikuwa unajaa nayo. Asubuhi ya siku ya tatu alikwenda kumwagilia kitalu cha kabichi akakuta vijiti. Miche mia na kitu, yote imebaki vijiti, na konokono wamelala juu yake wameshiba. Kumbe kutembea kwa bata hakukuwa deko. Ilikuwa ni zamu. Karani aling'oa wavu kwa hasira mpaka akajikata kidole, na Mkaguzi, alipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kumdonoa shavu la mguu.

Basi akarudi kwenye ndoo. Hakuna ramani tena, hakuna kanda. Alikuwa anaamka kabla hapajapambazuka, anainama, anakwangua, anaanika, anageuza, anafukuza nzi, anainama tena. Shati lake lilinuka, kitanda chake kilinuka, hata mkate alioushika ulinuka. Muuza maziwa aliacha kumtania, na hilo lilimuudhi zaidi kuliko utani wenyewe. Alikuwa anampimia maziwa kimyakimya na kumtazama kwa jicho la huruma, kama anajua kitu.

Wiki ya nne, kando ya kidimbwi, mgongo ukakataa. Ulikataa ghafla. Alikuwa amepiga magoti kuchota kwenye tope, akataka kuinuka, na kitu kama msumari kikamchoma kiunoni kikamgandisha palepale. Juu hapandi, chini hashuki. Alikaa vile hajui muda gani. Jua lilimpiga kisogoni. Bata walikuja wakamzunguka, wakamtazama kwa upande kama wanavyotazama, jicho moja moja, wakaendelea na mambo yao. Aliita, hakuna aliyemsikia. Akaanza kupapasa majani pembeni atafute chochote cha kushika, jiwe, mzizi, lolote, na mkono wake ukaangukia juu ya kigingi.

Kilikuwa palepale mkono ulipotaka kiwe. Akakishika, akavuta pumzi, akajisukuma, akasimama.

Vigingi vile alikuwa anavijua. Vimesimama shambani siku zote, urefu wa goti, vimechimbiwa imara. Alijikwaa navyo Jumapili nyingi, na kila akijikwaa alimwambia mkewe aving'oe, na mkewe alikuwa anajibu, "Viache, vina kazi yake." Karani alidhani ni vya kufungia kamba za nguo. Sasa alikiangalia hiki alichokishika. Kichwa chake kilikuwa laini, cheusi, kinang'aa kwa mafuta ya kiganja, kama mpini wa jembe la zamani.

Alitembea kwa kujikongoja akavitafuta vyote. Nyuma ya tangi, kimoja. Chini ya uzio, viwili. Kwenye njia ya kwenda bandani. Kila mahali bata wanapopenda kusimama, kulikuwa na kigingi. Vilikuwa kumi na kimoja. Vya zamani, vilivyooza pembeni, vilikuwa mbalimbali, hatua ishirini, hatua thelathini. Vipya vilikaribiana. Viwili vya mwisho, vyenye mti ambao bado ni mweupe, havikuachana hata hatua nne.

Karani alisimama katikati ya viwili hivyo. Alijisikia vibaya, vibaya sana, na sitaki kukudanganya kwamba kujisikia vibaya kulimfanya mtu mwema. Alitoa simu mfukoni. Alitaka kumpigia mkewe amwambie, nimeona. Kidole kikafika kwenye jina, kikasita. Kwa maana akisema ameona, itabidi aseme na linalofuata. Na linalofuata lina dirisha linalotazama ukuta. Akairudisha simu mfukoni.

"Tukibaki, kazi hii nitaifanya mimi," alijiambia. "Yeye hatainama tena." Ahadi nzuri. Jioni ile alijilaza kitandani, na hakuinuka siku mbili ila kwa kushika ukuta. Muuza maziwa ndiye aliyewafungulia bata na kuwafungia.

Siku zilikuwa zimebaki tisa. Pipa la kwanza lilikuwa limejaa, na ni halali yake, hakuna wa kumnyang'anya. Yale mengine mawili yalikuwa matupu, yanamkodolea macho. Alikwenda pembeni mwa shamba, kule udongo ulikotifuka vizuri, mweusi, unaofanana na samadi ukiutazama kwa mbali bila miwani. Akachukua koleo. Aliujaza udongo kwenye toroli nusu nusu kwa ajili ya mgongo, mizunguko mingi, akamwaga kwenye la pili, akamwaga kwenye la tatu. Juu akatandaza samadi kavu unene wa vidole vinne. Alisawazisha kwa kiganja. Alifanya kazi safi, lazima nimpe haki yake. Miaka thelathini na minne ya kupanga makaratasi ili bosi aone ya juu tu haikupotea bure.

Mama Bata alirudi siku ya Alhamisi mchana. Gari la kukodi lilimshusha barabarani, akatembea polepole na begi lake mpaka getini. Karani alikuwa amevaa shati safi. Walisalimiana, akamuuliza habari za mjukuu, akajibiwa hajambo, anafanana na baba yake, analia sana. Hata begi hakuliingiza ndani. Akalielekea banda.

Alifunua pipa la kwanza. Akafunua la pili. Akafunua la tatu. Kisha akasimama tu, mfuniko mkononi.

Karani alikuwa anasubiri sifa, au angalau kuguna. Akamwangalia mkewe usoni, na uso ule haukuwa wa mtu aliyefurahi. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kituoni akakuta basi la mwisho limeondoka.

"Yamejaa," alisema Mama Bata.

"Yamejaa."

"Yote matatu."

"Si ulisema matatu?"

Mama Bata akakunja mkono wa gauni. Akauzamisha mkono katika pipa la tatu, mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akafungua kiganja. Mlikuwa na udongo, vijiwe viwili, na kipande cha mzizi.

"Samadi ya bata haina mizizi, mzee."

"Ni kidogo tu, wakati wa kukwangua..."

Akazamisha mkono katika la pili. Akautoa.  Akaenda la kwanza, akachota, akavunjavunja kwa vidole, akanusa. "Hili ni la kweli," alisema. "Hili umelikausha vizuri kabisa."

Na hapo, badala ya kuona aibu, Karani akapandwa na hasira. Wiki sita zote zilimpanda kichwani kwa pamoja. "Basi wewe niambie unafanyaje," alisema. "Nimeamka gizani. Nimekwangua mawe, nimekwangua miti, nimekwangua viatu vyangu mwenyewe. Nimedonolewa kila siku ya Mungu na yule mshenzi mwekundu. Nimelala siku mbili siwezi hata kujigeuza. Nimepata pipa moja. Wewe unajazaje matatu? Niambie siri yake nijue."

Mama Bata alijifuta mkono kwenye upindo wa gauni, kidole kimoja kimoja.

"Sijazi," alisema.

"Hujazi nini?"

"Sijawahi kujaza matatu. Mwaka niliopata nyingi kuliko yote nilijaza moja na robo, na hiyo ni msimu mzima, na bata walikuwa arobaini, na mimi nilikuwa bado kijana."

 Karani akayatazama mapipa, akamtazama mkewe, akayatazama tena mapipa.

"Kwa hiyo ulijua sitaweza."

"Nilijua."

"Ulitaka nisiweze."

"Nilitaka usiweze," alisema Mama Bata, na sauti yake ikaanza kutetemeka, si kwa kilio, kwa uchovu. "Nilidhani utashindwa wiki ya kwanza, utanipigia simu, utasema mama, haiwezekani, tuhame. Nikasubiri hiyo simu kila jioni. Kila jioni unaniambia yanaendelea."

"Ungeniambia tu ukweli kwamba unataka kwenda."

"Nilikwambia, mzee. Ulikuwa unasoma gazeti."

 Mama Bata akaendelea, sasa amefunguka, hasimamiki. "Na hesabu ya mapipa ungeuliza. Mtu wa kutunza kumbukumbu wewe. Miaka arobaini tunakula kutoka kwenye shamba hili, hujaniuliza hata siku moja samadi inafika mapipa mangapi. Ningekwambia kumi ungekubali kumi."

Ni kweli. Angekubali kumi, na angecheka.

"Na bata?" aliuliza Karani.

"Muuza maziwa atawachukua. Tulishazungumza kabla sijaondoka."

"Kumbe na yeye anajua."

"Kila mtu anajua."

Walirudi barazani. Kiti kilikuwa kimoja, kama siku zote. Karani akakisogeza, akasimama kando yake mpaka mkewe alipokaa, na mkewe alikaa kwa vipande vipande, mkono kwenye paja, mkono kwenye mgongo wa kiti, kisha kiuno, kisha pumzi. Miaka sita alikuwa hajawahi kumwona anavyokaa. Yeye mwenyewe akakaa kwenye ngazi.

"Vigingi nimeviona," alisema.

Mama Bata alimgeukia. "Vyote?"

"Kumi na kimoja. Kile cheupe cha mwisho ulikichimbia lini?"

"Wiki moja kabla ya kusafiri."

Karani alitikisa kichwa, akatazama shamba. Bata walikuwa wanapanda kutoka kidimbwini kwa mstari, Mkaguzi mbele. Kitalu cha kabichi kilikuwa bado ni vijiti. Paliuma, mahali pale. Palikuwa pazuri na paliuma.

"Sikiliza," Mama Bata alisema, sauti imeshuka. "Nimekuona ulivyokonda. Kama unataka kubaki kiasi hicho, mpaka unasomba udongo na mgongo mbovu, basi tutabaki. Nitajikaza. Mvua bado wiki mbili."

Na moyo wa Karani, mimi sitauficha, uliruka kwa furaha. Uliruka kabisa. Kwa sekunde mbili, tatu, nyumba ilikuwa yake tena, milango yote yake, na angekufa hapa. Alikuwa na neno asante mdomoni. Akamwona mkewe ameshaanza kuvua viatu vya safari, anaangalia chini akitafuta zile raba za shambani.

"Mpigie mtoto," alisema. "Mwambie aje na gari Jumamosi."

"Hutaki."

"Sitaki," alisema Karani. "Sitaki hata kidogo. Kile chumba nakiogopa kuliko kaburi. Mpigie."

Mama Bata aliitoa simu kwenye pochi, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono yote miwili, asipige kwanza. Bata walikuwa wameshafika barazani. Mmoja alipanda ngazi, akapita katikati yao kama mwenye nyumba, akaacha lake palepale sakafuni, kubwa, la kijani, karibu na mguu wa kiti. Wote wawili wakalitazama. Hakuna aliyeinuka.